Freddie Mercury: Video ipi inaonyesha makali yake halisi jukwaani?

Mwimbaji wa Queen mzaliwa wa Zanzibar alifariki mwaka 1991. Mashabiki wake bado wanabishana kuhusu shoo zake, na ubishi huo unaanzia kwenye video moja.

Andika jina lake kwenye simu yako, utaletewa Live Aid. Ni Julai 13, 1985, saa 12:41 jioni, uwanja wa Wembley, London. Jua bado halijazama, taa za jukwaani hazina kazi. Freddie anatoka mbio akiwa na fulana nyeupe isiyo na mikono na jinzi, anakaa kwenye piano, na dakika 20 baadaye watu takriban 72,000 wako mikononi mwake. Video inayofuata huwa ni Wembley tena, mwaka 1986, ile ya koti la njano.

Zote mbili ni kali, hakuna anayekataa. Lakini mashabiki wa siku nyingi huhesabu tarehe. Kutoka Live Aid hadi shoo ya mwisho ya Freddie akiwa na Queen, Agosti 9, 1986, haikupita hata miezi 13. Yaani Freddie anayejulikana na dunia nzima ni yule wa mwisho mwisho, mtu wa miaka 38 na 39, mvutaji sigara, ambaye koo lake lilikuwa limemsumbua kwa miaka.

Kabla ya hapo alikuwa amepiga laivu kwa zaidi ya miaka 15. Huyo Freddie wa zamani yuko kwenye kanda ambazo wengi hawajawahi kuzifungua.

Farrokh wa Mji Mkongwe

Alizaliwa Septemba 5, 1946, Unguja, akaitwa Farrokh Bulsara. Wazazi wake, Bomi na Jer, walikuwa Waparsi wenye asili ya Gujarat, India, wafuasi wa dini ya Zoroaster. Baba alikuwa mtunza fedha katika mahakama kuu chini ya serikali ya Waingereza.

Akiwa na miaka minane hivi alipelekwa shule ya bweni ya St Peter's, Panchgani, India. Huko ndiko alikoanza kuitwa Freddie na kuingia kwenye bendi ya wanafunzi, The Hectics. Anayetafuta dalili za nyota wa baadaye hapo atashangaa kidogo: mwimbaji mkuu alikuwa mtu mwingine. Freddie alipiga piano na kuitikia.

Alirudi Zanzibar akiwa kijana. Mapinduzi ya Januari 12, 1964 yalimkuta na miaka 17, na mwaka huohuo familia ikahamia Feltham, nje kidogo ya London. Alisoma sanaa ya michoro chuo cha Ealing, akauza nguo soko la Kensington pamoja na mpiga drams Roger Taylor, akapita bendi ndogondogo ambazo hazikufika mbali. Mwaka 1970 aliungana na Taylor na mpiga gitaa Brian May. Yeye ndiye aliyeipa bendi jina la Queen na kuchora nembo yake. Mpiga besi John Deacon alikuja mwaka uliofuata, na Bulsara akawa Mercury.

Hata ile fimbo yake ya maiki ilitokana na ajali. Katika moja ya shoo za mwanzo stendi ilikatika, akaendelea na kipande cha juu. Hakukiacha tena. Kikawa gitaa la kujifanya na rungu la mfalme.

Satini nyeupe, kucha nyeusi

Anayetaka kuona njaa ya Freddie aanzie ukumbi wa Rainbow, London, 1974. Nywele ndefu, hana masharubu, nguo za satini nyeupe zilizobuniwa na Zandra Rhodes. Muziki ni mzito na wa kasi kuliko Queen wanaochezwa redioni siku hizi. Umati anauangalia kama mtu anayewadai.

Halafu kuna Hammersmith Odeon, Desemba 24, 1975. Ilikuwa shoo ya kufunga ziara ya Uingereza, na BBC iliirusha moja kwa moja mkesha wa Krismasi. Wiki hizo Bohemian Rhapsody ilikuwa namba moja Uingereza. Mwishoni Freddie anarudi jukwaani na kimono, maputo yanashuka juu ya watazamaji, na bendi iliyokuwa imehangaika na madeni miaka michache tu nyuma inaonekana kabisa kwamba imeshavuka.

Kwa miongo minne shoo hii ilisambaa kwa nakala za mkono kwa mkono, kila nakala mbovu kuliko iliyotangulia. Toleo rasmi la video lilitoka 2015. Rainbow ilitoka 2014. Watu walizeeka wakisubiri.

Kanda hizo pia zinaonyesha kitu ambacho rekodi za studio hazisemi. Studio, Freddie aliweza kupanga sauti yake tabaka juu ya tabaka. Jukwaani alikuwa na koo moja tu. Noti za juu kabisa mara nyingi alimwachia Taylor, au akazikwepa kwa kubadilisha mdundo wa wimbo hapohapo. Ile sehemu ya kati ya Bohemian Rhapsody, yenye sauti nyingi kama opera, bendi haikujaribu kuiigiza: taa zilizimwa, kanda ikapigwa, wao wakatoka, kisha wakarudi kwa kishindo kwenye gitaa. Wapo wanaoona hiyo ni kasoro. Kusema kweli ni uungwana. Wangeweza kusimama pale na kuchezesha midomo kama wengine.

Montreal, filamu iliyopigwa kwa hasira

Waulize mashabiki Freddie aliimba vizuri zaidi wapi, na jibu litakalojirudia ni Montreal, Novemba 24 na 25, 1981.

Shoo hizi mbili zilirekodiwa kwa filamu ya milimita 35, ile ya sinema, ndiyo maana picha yake inang'aa hadi leo. Bendi haikuelewana na mwongozaji. Mashabiki husimulia kwamba usiku wa pili walibadilisha mavazi makusudi ili kumvuruga asiweze kuunganisha picha za siku mbili. Ukweli wa nia yao wanaujua wenyewe, ila mvutano unaonekana usoni.

Na huenda ndio uliosaidia. Freddie wa Montreal hachezi sana na watu, hana mzaha mwingi. Anaimba. Sikiliza Somebody to Love: noti anazozikwepa miaka mingine hapa anazifuata na kuzikamata. Alikuwa na miaka 35.

Wapinzani wa Montreal huja na Milton Keynes, Juni 5, 1982. Wakati huo Queen walikuwa wametoa albamu ya Hot Space, yenye miondoko ya disko, na mashabiki wengi wa roki walinuna. Freddie aliingia jukwaani kama mtu aliyekuja kumaliza kesi. Sauti si safi kama ya Montreal, lakini moto ni mwingi zaidi. Kati ya hizo mbili, anayetaka sauti achukue Montreal, anayetaka mtu achukue Milton Keynes.

Doa la Sun City

Kuna shoo ambazo mashabiki hawapendi kuzijadili. Oktoba 1984 Queen walikwenda kupiga Sun City, kwenye eneo la Bophuthatswana, Afrika Kusini ya makaburu, wakati Umoja wa Mataifa ulikuwa umewataka wasanii wasiende.

Kwa msomaji wa ukanda huu jambo hili si dogo. Mwaka huohuo Tanzania ilikuwa inahifadhi wakimbizi wa ANC pale Mazimbu, Morogoro. Mtoto aliyezaliwa Unguja alirudi Afrika akiwa staa wa dunia, na jukwaa alilopanda likawa hilo.

Bendi ilijitetea kwamba haifanyi siasa na kwamba ilipiga mbele ya watu wa rangi zote. Ilitoa pia rekodi ya laivu kuchangia shule ya watoto viziwi na wasioona huko. Chama cha wanamuziki cha Uingereza hakikuridhika, kikawapiga faini, na jina lao likaingia kwenye orodha ya Umoja wa Mataifa ya waliovunja mgomo. Huko Sun City kwenyewe koo lilimgomea Freddie, baadhi ya shoo zikafutwa.

Utetezi ule hauna nguvu. Tiketi ya Sun City ilikuwa siasa tosha.

Dakika 20 ambazo sinema ilizipindisha

Ndiyo maana Live Aid, miezi tisa baadaye, ilikuwa na uzito. Tamasha lilikuwa la kuchangia wahanga wa njaa Ethiopia, na Queen walifika wakiwa na jina lililochafuka.

Sinema ya Bohemian Rhapsody ya 2018, iliyompa Rami Malek Oscar, inaonyesha bendi iliyokuwa imesambaratika ikikutana tena kwa ajili ya siku hiyo, na Freddie akiwaambia wenzake kuhusu ugonjwa wake. Si kweli. Queen walikuwa wametoka ziarani Mei 1985, miezi miwili tu kabla. Januari ya mwaka huo walikuwa Rio, kwenye umati mkubwa kuliko wa Wembley, Wabrazili wakiimba Love of My Life kwa Kiingereza mwanzo hadi mwisho huku Freddie akiwasikiliza.

Kilichowabeba kilikuwa maandalizi. Walikodi ukumbi wa Shaw Theatre wakafanya mazoezi, wakakata nyimbo ili sita zienee kwenye muda waliopewa. Bohemian Rhapsody waliimba kipande cha mwanzo tu. Hakuna hotuba ndefu, hakuna wimbo mpya wa kujitangaza. Katikati Freddie akaanza mchezo wake wa kutupa sauti na watu kuitikia. Aliyewahi kucheza ngoma anaujua: kiongozi anatoa, wengine wanapokea, na kila akipandisha wanapanda naye.

Sauti yake siku hiyo ina mikwaruzo. Haijalishi sana. Live Aid si video ya mwimbaji bora, ni video ya mtu anayejua kuongoza uwanja.

Maneno kwenye kiganja

Ziara ya mwisho ilianza Stockholm Juni 7, 1986. Wembley ya Julai 11 na 12 ndiyo iliyouzwa zaidi, na video inayojulikana ni ya usiku wa pili. Ni shoo nzuri ya kutazama: koti la njano, joho na taji mwishoni. Kwa masikio ni safari ngumu zaidi. Koo limechoka, noti nyingi zinashushwa.

Afadhali Budapest, Julai 27. Wahungaria waliirekodi kwa filamu ya sinema, katika nchi ambayo bendi kubwa za Magharibi zilikuwa nadra kufika. Freddie aliandika maneno ya wimbo wa asili wa Kihungaria kwenye kiganja chake, akawaimbia. Kamera inamwonyesha akichungulia mkono. Uwanja mzima unalipuka kabla hajamaliza mstari.

Wiki mbili baadaye ilikuja Knebworth, mbele ya umati unaokadiriwa kuwa zaidi ya watu 120,000. Baada ya hapo hakupanda tena jukwaani na Queen. Mwishoni mwa mwaka ilitoka albamu ya Live Magic, na wengi waliichukia kwa sababu nyimbo zilikatwakatwa ili zienee kwenye sahani moja.

Kilichobaki

Oktoba 8, 1988, Barcelona, alionekana jukwaani na mwimbaji wa opera Montserrat Caballé. Safari hii walichezesha midomo. Ndiyo ilikuwa mara yake ya mwisho kutumbuiza mbele ya watu. Mei 1991 alipiga video ya These Are the Days of Our Lives, amekonda, akisimama karibu mahali pamoja, yeye aliyekuwa akimaliza jukwaa zima kwa hatua. Novemba 23 alitangaza kuwa ana UKIMWI. Siku iliyofuata alifariki nyumbani kwake Kensington, akiwa na miaka 45. Mazishi yalifanywa kwa taratibu za dini ya wazazi wake.

Queen hawakuwahi kupiga Zanzibar. Mwaka 2006 sherehe ya kutimiza miaka 60 tangu azaliwe ilipangwa visiwani, ikafutwa baada ya kundi la kidini la Uamsho kuipinga. Mwaka 2019 jumba la makumbusho yake lilifunguliwa Shangani, Mji Mkongwe.

Wakati huohuo kanda zinaendelea kutoka makabatini. Montreal ilisafishwa na kurudi kwenye kumbi za IMAX Januari 2024, na vijana waliozaliwa baada ya kifo chake walikaa kumtazama akiwa na urefu wa ghorofa kadhaa. Knebworth, ile ya mwisho, haijawahi kutolewa rasmi ikiwa nzima.