Wallace Carothers, mtu aliyetoa maji ili uzi upate nguvu

Mvua kubwa ikipiga Kamina, masashe ya plastiki ndiyo yanaziba mifereji. Serikali iliyakataza kwa dekreti ya mwisho wa mwaka 2017, lakini sokoni unga na sukari vinahitaji kitu cha kubebea. Plastiki inayooza ni njia moja inayotafutwa, na historia yake inapita kwa mtu anayeitwa Wallace Carothers.

Alizaliwa Burlington, jimbo la Iowa, Marekani, tarehe 27 Aprili 1896. Baba yake alikuwa mwalimu. Yeye alisomea kwanza uhasibu, kisha akaingia kemia. Alifundisha Harvard, na mwaka 1928 kampani ya DuPont ikamuita kuongoza utafiti katika labo yake ya Wilmington.

Kazi yake ilikuwa kama kuunga mabehewa ya treni. Molekuli ndogo zikishikana zinakuwa mnyororo: ndiyo polyesta. Mnyororo ukiwa mfupi, plastiki inavunjika ovyo. Sasa shida ilikuwa maji: kila kiungo kikifunga, maji kidogo yanatoka, na maji hayohayo yanaweza kukifungua tena. Basi Carothers na wenzake wakatumia chombo cha kuvuta maji yote nje, huku moto unaendelea. Uzito wa molekuli ukapita 10.000. Aprili 1930, mwenzake Julian Hill akavuta uji ule wa moto, ukatoka uzi mrefu wenye nguvu.

Lakini polyesta zile ziliyeyuka kwa joto dogo, na maji yalizila. Zikawekwa kando, na mwaka 1935 ikaja nailoni. Sifa hazikumponya. Ugonjwa wa huzuni ulimwandama miaka mingi, na tarehe 29 Aprili 1937 alijiua, siku mbili baada ya kutimiza miaka 41. Binti yake alizaliwa miezi saba baadaye.

Kasoro ile ya kuliwa na maji ndiyo leo inatafutwa. Kutoka wanga wa mahindi watu wanapata asidi ya laktiki, na kutoka asidi hiyo polyesta inayooza ikipata joto na unyevu wa kutosha. Ndani ya mashine inayoiyeyusha na kuisukuma, viwanda vinaongeza dawa kidogo yenye mikono kadhaa. Inashika ncha za minyororo mifupi na kuiunga kwa dakika chache tu. Hivyo mfuko unaweza kubeba kilo ya unga bila kupasuka, na ukitupwa mahali panapofaa, maji yanaanza kuufungua kiungo kwa kiungo.