Maria Montessori na Nyumba ya Watoto

Katika vipindi vyetu vya mbinu za kufundishia, hapana mada izushayo mabishano kama hii ya malezi ya mtoto ambaye hajafikia umri wa kwenda shule. Baadhi ya wanachuo hushikilia kwamba mahali pa mtoto wa miaka 3 au 4 ni kwa bibi au shangazi, ambako atapata mapenzi, lugha na adabu za kwao. Wengine hujibu kwamba bibi naye ana shamba lake na shughuli zake, na kwamba mtoto hufaidika zaidi katika kituo chenye mlezi aliyefunzwa. Badala ya kuamua ubishi huo kwa maneno matupu, tumeona inafaa tuyatazame maisha ya mtu mmoja aliyeguswa na jambo hili mara mbili: katika kazi yake, na katika uzazi wake mwenyewe.

Maria Montessori alizaliwa tarehe 31 Agosti, 1870, katika mji wa Chiaravalle, Italia. Alikuwa mtoto wa pekee. Wazazi wake walihamia Roma angali mdogo, na huko akasoma hata akahitimu udaktari mwaka 1896, wakati ambapo wanawake madaktari nchini mwake walikuwa wachache mno. Kazi yake ya mwanzo ilimpeleka kwa watoto wenye ulemavu wa akili. Aligundua kwamba watoto hao, waliodhaniwa hawafundishiki, waliweza kujifunza mengi iwapo mikono yao ilipewa vitu vya kushika, kupanga na kulinganisha.

Katika miaka hiyohiyo alipata mtoto wa kiume, Mario, aliyezaliwa mwaka 1898. Hakuwa ameolewa, na desturi za wakati ule zilikuwa kali; kumlea mtoto huyo hadharani kungaliweza kuipoteza kazi yake yote. Basi Mario alikabidhiwa kwa walezi wa shamba, nje ya Roma. Mama alikwenda kumtazama, lakini mtoto hakuambiwa kwamba mgeni yule ndiye mamaye. Walikuja kuishi pamoja baada ya bibi mzaa mama kufariki mwaka 1912, kijana akiwa amefikia umri wa miaka 15 hivi. Hatulisemi hili ili kumhukumu. Twalisema kwa sababu mwalimu huyu, ambaye ulimwengu humtaja kila yanapotajwa malezi ya watoto wadogo, alijua gharama ya mtoto kulelewa mbali na mamaye.

Sasa tuje kwenye kazi iliyompa jina. Mtaa wa San Lorenzo, Roma, ulikuwa mtaa wa mafukara. Nyumba zake zilijengwa kwa pupa katika miaka ya 1880, biashara ya majengo ikaanguka, nyingine zikaachwa bila kumalizika, na watu wakasongamana humo. Wengi walikuwa wamehamia mjini kutafuta kazi. Na kwa mhamiaji wa namna hiyo bibi na shangazi huwa mbali. Shirika moja la majengo lilipozitengeneza nyumba hizo, likakuta tatizo jipya. Wazazi wakienda kazini, watoto wasiotimiza umri wa shule hubaki peke yao, wakichafua kuta na kuharibu ngazi. Shirika likakadiria kuwa fedha za kutengeneza uharibifu huo zingetosha kuendeshea chumba cha kuwaweka watoto. Ndipo akaitwa Dkt. Montessori, na tarehe 6 Januari, 1907, ikafunguliwa Casa dei Bambini, yaani Nyumba ya Watoto, ikiwa na watoto wapatao 50.

Tuangalie jinsi nyumba hiyo ilivyopangwa, kwani hapo ndipo penye somo. Kwanza, ilikuwa ndani ya jengo lilelile walimokaa wazazi. Mama aliweza kuingia saa yoyote akaona mwanawe anafanya nini. Pili, wazazi hawakutozwa ada, ila waliwekewa masharti: wamlete mtoto akiwa amenawishwa na kuvikwa nguo safi, na mama aonane na mlezi mkuu walau mara moja kwa juma ili wazungumze juu ya mwenendo wa mtoto nyumbani. Aliyepuuza masharti hayo aliweza kurudishiwa mtoto wake.

Kuhusu ufundishaji, Montessori alitazama kwanza, akaamua baadaye. Siku moja kabati la vifaa liliachwa bila kufungwa. Watoto wakachukua wenyewe walivyovitaka, wakafanya kazi kwa utulivu. Wengine wangaliwaadhibu, lakini yeye akaona kwamba wameweza kuchagua, na tangu hapo vifaa vikawekwa mahali wanapovifikia. Hakuwa amekusudia kuwafundisha kusoma na kuandika. Walioomba hivyo ni akina mama, ambao wenyewe hawakujua kusoma. Akatengeneza herufi za karatasi ya msasa, mtoto azipapase kwa vidole, na haukupita muda mrefu baadhi yao wakaanza kuandika.

Kitabu alichokitoa mwaka 1909 kilieneza mbinu zake katika nchi nyingi. Miaka ya 1930 aligongana na serikali ya Mussolini, akaihama Italia. Miaka ya vita aliipitisha India, akifundisha walimu pamoja na Mario, ambaye alikuwa msaidizi wake hadi mwisho. Alifariki Noordwijk, Uholanzi, tarehe 6 Mei, 1952.

Je, maisha haya yanaamua ubishi wetu? Kwa maoni yetu, yanaugeuza. Kituo cha San Lorenzo hakikufanikiwa kwa kuwa kilichukua nafasi ya jamaa. Kilifanikiwa kwa kuwa mlango wake ulikuwa wazi kwa mama, na mama naye alikuwa na wajibu ndani yake. Kituo kinachompokea mtoto getini asubuhi na kumrudisha jioni bila neno hakijafuata mfano huo, hata kikiwa na vifaa vyote vya Montessori. Vilevile bibi anayemlea mjukuu kwa upendo, lakini hamruhusu kushika kitu wala kuuliza neno, ana jambo la kujifunza kutoka kwenye kabati lile lililoachwa wazi.

Ninyi mtakaopangiwa madarasa ya awali na darasa la kwanza mtawapokea watoto wa kila namna. Msiwapange kwa kuuliza nani alitoka kituoni na nani alitoka kwa bibi. Ulizeni ni nani aliyemlea, mfahamuni mlezi huyo kwa jina, na mwiteni darasani aone kazi ya mtoto. Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Mkono wa mwalimu haukutolewa katika hesabu hiyo.