Bibi Susannah Spurgeon, Mgonjwa Mwenye Kazi

Karibu kila mtaa wa parishi yetu una nyumba ambamo mama hawezi kutoka. Ameugua miaka mingi. Jumapili kengele inalia naye anaisikia akiwa kitandani. Sisi hatumsahau. Tunakwenda kumtazama, tunachukua machungwa na sukari, tunaimba wimbo mmoja, tunaomba, kisha tunaaga. Hayo ni mema. Lakini mara nyingi tunamwachia neno ambalo hatulitamki kwa midomo, nalo ni kwamba kazi yake katika Kanisa imekwisha, na sasa lililobaki ni kutazamwa tu. Ndiyo sababu tumependa kuwasimulia habari za mama mmoja wa Uingereza ambaye kazi yake kubwa ilianza baada ya ugonjwa kumfungia ndani.

Jina lake lilikuwa Susannah Thompson, naye alizaliwa tarehe 15 Januari 1832. Mwishoni mwa mwaka 1853 alikwenda kumsikiliza kijana mmoja kutoka shamba aliyealikwa kuhubiri London. Kijana huyo aliitwa Charles Haddon Spurgeon, na umri wake ulikuwa miaka 19. Susannah hakuvutiwa naye hata kidogo. Alitazama mavazi yake ya kishamba na leso yake ya buluu yenye madoa meupe, akaona kichekesho, na mahubiri yenyewe yakampita. Baadaye kijana yule alimpa kitabu cha safari ya msafiri cha John Bunyan ili kimsaidie katika imani yake, na polepole urafiki ukawa uchumba. Walifunga ndoa tarehe 8 Januari 1856.

Kabla ya ndoa yao kulitokea jambo dogo ambalo wenye nyumba wote watalielewa. Walikwenda pamoja mahali ambapo Charles alikuwa ahubiri. Umati ulikuwa mkubwa, naye akili yake yote ilikuwa katika ujumbe wake. Akaingia ndani akamsahau mchumba wake katikati ya msongamano. Susannah alikasirika, akarudi kwa mama yake huku analia. Mama yule hakumtetea kijana wala hakumcheka binti yake. Alimweleza kwa upole kwamba mtu aliyemchagua ni mtumishi wa Mungu, na kwamba asijaribu kukaa mahali pa Mungu katika moyo wake. Susannah alilitunza fundisho hilo. Alilihitaji sana katika miaka iliyofuata.

Tarehe 20 Septemba 1856 Mungu aliwapa watoto mapacha wa kiume, Charles na Thomas. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 19 Oktoba, mumewe alikuwa akihubiri katika ukumbi mkubwa wa Surrey Gardens. Watu wabaya wakapiga kelele za uongo kwamba kuna moto. Umati ukakimbilia milangoni, na watu saba wakafa kwa kukanyagwa. Susannah alikuwa nyumbani na watoto wake wachanga habari zilipomfikia. Mumewe alirudi amevunjika moyo kabisa, hata watu wakadhani hatahubiri tena. Yeye mama mzazi wa mwezi mmoja ndiye aliyemtunza mpaka nguvu zikarudi.

Kwa miaka kadhaa baada ya hapo aliweza kutembea na mumewe, na kuwasaidia wanawake waliotaka kubatizwa. Mwaka 1861 kanisa kubwa la Metropolitan Tabernacle lilifunguliwa London, na maelfu ya watu walilijaza kila Jumapili. Lakini mwishoni mwa miaka ya 1860, Susannah akiwa na umri wa miaka 30 na kitu, ugonjwa ulimshika. Maumivu yalikuwa makali, naye ikabidi apelekwe Brighton, kando ya bahari, akafanyiwe upasuaji.

Daktari aliyempasua alikuwa Sir James Simpson wa Edinburgh, yule aliyekuwa wa kwanza kuwapa akina mama dawa ya usingizi ya klorofomu wakati wa kujifungua, mwaka 1847. Kazi ilipokwisha mumewe alimwuliza daktari anamdai kiasi gani. Daktari akamjibu kwa mzaha kwamba deni ni gini 1,000, nazo atazilipa siku atakapokuwa Askofu Mkuu wa Canterbury. Kwa kuwa Spurgeon alikuwa Mbaptisti, siku hiyo isingefika kamwe. Daktari alimwambia kwamba mpaka hapo wahesabu deni limelipwa kwa upendo.

Wakati mama akiwa Brighton nyumba yao ya London ilikuwa inajengwa upya. Baba ndiye aliyechagua vyombo, akamwandikia mkewe habari za kila kabati. Alimtengenezea chumba kidogo karibu na chumba chake cha kusomea, chenye maji ya moto na ya baridi, ili mgonjwa asihangaike. Siku moja alimwuliza angependa aletewe kitu gani. Susannah kwa utani alitaja pete ya jiwe la opali na ndege mdogo aliyefundishwa kupiga mluzi. Haukupita muda mrefu vyote viwili vikapatikana, vimetolewa na watu ambao hawakujua lolote kuhusu utani ule. Susannah aliona kwamba Baba wa mbinguni hakumkemea kwa ombi la kitoto.

Hata hivyo hatutaki kuwadanganya. Upasuaji ule ulimpunguzia maumivu, lakini haukumrudishia afya. Aliishi miaka mingine 30 na zaidi akiwa mtu wa chumbani. Kulikuwa na majira marefu ambayo hakuweza kwenda kumsikia mumewe akihubiri, hali maelfu ya wageni walimsikia kila juma. Mumewe naye alipatwa na jongo, ugonjwa wa viungo wenye maumivu makali, na baadaye figo zikaharibika. Waganga wakamwamuru aikimbie baridi ya London. Kuanzia miaka ya 1870 alikuwa akienda Mentone, kusini mwa Ufaransa, wakati wa majira ya baridi. Mkewe hakuwa na nguvu za kusafiri. Hivyo mwaka baada ya mwaka waliagana mlangoni, mgonjwa mmoja anakwenda, mgonjwa mwingine anabaki, na barua ndizo zilizowaunganisha. Mwaka 1877 mwanawe Thomas, ambaye afya yake pia ilikuwa dhaifu, alisafiri kwa meli mpaka Australia, na baadaye akawa mchungaji huko Auckland, New Zealand. Mama anayejua kwamba huenda asimwone tena mwanawe hahitaji kuelezwa moyo wa Susannah ulikuwaje.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Katika mwaka 1875 mumewe alikuwa amemaliza kitabu cha mafundisho aliyowapa wanafunzi wa uchungaji. Alimpa mkewe kurasa za kwanza azisome, kisha akamwuliza anakionaje. Susannah alisema angetamani kumpa kila mchungaji wa Uingereza nakala moja. Mumewe hakulichukua neno hilo kuwa sifa tu. Alimwuliza, yeye mwenyewe atatoa kiasi gani.

Swali hilo lilimshtua. Kutamani ni rahisi, kutoa ni jambo jingine. Ndipo akakumbuka kwamba kwa muda mrefu alikuwa na tabia ya kuweka pembeni kila sarafu ya shilingi tano iliyopita mikononi mwake. Alizitia ndani ya saraka ndogo huko juu bila kujua ni za kazi gani. Akazitoa, akazihesabu. Zilikuwa sawasawa na bei ya nakala 100.

Akazitoa zote. Anakiri kwamba iliuma kidogo kuziaga, lakini uchungu ulipita upesi. Vitabu 100 vilipelekwa kwa wachungaji maskini, na barua za shukrani zikaanza kuja. Barua hizo zilimfumbua macho. Zilitoka kwa watu ambao mshahara wao haukutosha chakula na viatu vya watoto, ambao kwa miaka mingi hawakununua hata kitabu kimoja, na bado kila Jumapili walitakiwa kusimama mbele ya watu na kuwalisha. Sisi tuliofundisha miaka mingi tunalijua jambo hili. Mwalimu asiye na kitabu kipya hurudia somo la mwaka jana mpaka yeye mwenyewe anachoka kulisikia. Kisima kisichoingiwa na maji hukauka, hata kama mwenyewe ana moyo mwema.

Hivyo ndivyo ulivyozaliwa Mfuko wa Vitabu. Marafiki wakasikia, wakatuma fedha. Chumba cha mgonjwa kikageuka ofisi na ghala. Susannah alisoma barua, akaandika majibu, akachagua vitabu, akaandika daftari la mapato na matumizi, na kila mwaka akatoa taarifa ili waliotoa wajue fedha yao imekwenda wapi. Siku za maumivu makubwa kazi ilisimama au ikaenda polepole, naye hakuficha jambo hilo katika taarifa zake. Siku za nafuu ilianza tena. Pamoja na vitabu kulikuwa na mfuko mwingine wa kuwapa wachungaji fedha na nguo kwa ajili ya jamaa zao. Alipofariki, vitabu vilivyokuwa vimegawanywa vilikaribia 200,000. Wengine hujiuliza mtu mzima mwenye afya angefanya kiasi gani. Sisi tunajiuliza kama mtu mwenye afya angekuwa na subira ya kuketi chini na kuzisoma barua zile zote.

Kuna jambo moja zaidi ambalo sisi Waanglikana tusilisahau. Mumewe hakuwa rafiki wa mambo yetu yote. Mwaka 1864 alihubiri kwa ukali sana juu ya mafundisho ya Kitabu chetu cha Sala kuhusu ubatizo wa watoto wachanga, na makasisi wengi wa Kanisa la Uingereza walimjibu kwa ukali ule ule. Vitabu vya kubishana vilijaa madukani. Lakini wakati makasisi maskini wa Kanisa letu walipomwandikia Bibi Susannah kuomba vitabu, aliwapelekea kama alivyowapelekea Wabaptisti na Wamethodisti. Wanaume walibishana jukwaani, naye mama mgonjwa chumbani kwake akawapelekea vitabu wa pande zote.

Mwezi Oktoba 1891, kwa mara ya kwanza, alipata nguvu ya kumsindikiza mumewe Mentone. Walikaa miezi mitatu pamoja mahali pale ambapo kwa miaka mingi alipajua kwa barua tu. Ilikuwa furaha kubwa, na ilikuwa ya mwisho. Charles Spurgeon alifariki huko tarehe 31 Januari 1892, mkewe akiwa karibu naye.

Watu walidhani sasa mjane huyu ataweka kalamu chini. Hakuiweka. Aliendelea na Mfuko wa Vitabu. Akishirikiana na aliyekuwa katibu wa mumewe, alikusanya habari za maisha yake katika vitabu vinne vikubwa, vilivyotolewa kuanzia mwaka 1897 mpaka 1900. Pia alisaidia kuanzishwa kwa kanisa katika mji wa Bexhill, kando ya bahari. Mwanawe Thomas alirudi, na mwaka 1894 akashika nafasi ya baba yake London. Mama akaishi kuyaona hayo. Katika mwaka 1903 alishikwa na homa ya mapafu, asiinuke tena. Alimbariki mwanawe, na tarehe 22 Oktoba akaenda kwa Bwana, akiwa na umri wa miaka 71. Alizikwa Norwood katika kaburi la mumewe.

Wasomaji wapendwa, hatuandiki haya ili kumwambia kila mgonjwa kwamba naye aanzishe mfuko. Wako ambao maumivu yao hayawaachii nafasi hata ya kushika kalamu, na Mungu hawadai wasichonacho. Mtume Paulo aliomba mara tatu mwiba wake uondolewe, nao haukuondolewa. Susannah naye hakuponywa. Ugonjwa ulibaki ugonjwa, wala tusiuite baraka mbele ya anayeuumwa.

Tunaloliomba ni dogo. Safari ijayo tutakapokwenda kumtazama mama aliyefungiwa ndani, tuchukue machungwa yetu kama kawaida, lakini tuchukue na swali lile ambalo mume yule alimwuliza mkewe. Tumwulize angependa kutoa nini. Pengine ataandika barua kwa vijana wetu walio mbali shuleni. Pengine atasikiliza watoto wa kipaimara wakijifunza katekisimu kando ya kitanda chake. Pengine ataomba kwa majina, jina moja baada ya jingine, kutoka katika daftari la parishi. Huenda naye ana saraka ndogo mahali fulani, amekuwa akiweka kitu humo miaka yote, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwuliza kuna nini ndani yake.

Bwana awafariji wagonjwa wote wa parishi yetu, na atupe sisi wazima masikio ya kuwasikiliza.