Casteret: Mfaransa aliyeyafuata maji hadi chini ya ardhi

WACHIMBAJI wa mawe ya sabuni huko Tabaka, Kisii, hawahitaji kuelezwa adha ya shimo lililofurika. Mvua kubwa inyeshapo, kazi husimama hadi maji yatolewe. Norbert Casteret, mmoja wa wavumbuzi mashuhuri zaidi wa mapango katika karne ya 20, alijijengea jina mbele ya kizuizi cha aina hiyo.

Alizaliwa mwaka wa 1897 huko Saint-Martory, kusini mwa Ufaransa, karibu na milima ya Pyrenees. Baada ya kupigana katika Vita vya Kwanza vya Dunia, alirejea nyumbani na kuyachungua mapango ya milima hiyo.

Mwaka wa 1922 aliingia peke yake katika pango la Montespan, akikifuata kijito kilichotoka humo. Mbele kidogo, dari ya pango iliteremka hadi ikagusa maji, njia ikazibika. Casteret alivuta pumzi, akapiga mbizi gizani bila kujua kama upande wa pili kulikuwa na hewa, na akaibuka salama.

Alirudi mwaka wa 1923 pamoja na rafiki yake, Henri Godin. Ndani kabisa walikuta sanamu ya dubu asiye na kichwa, iliyofinyangwa kwa udongo na watu wa kale maelfu ya miaka iliyopita. Wataalamu walitamani kuiona, lakini si kila msomi ni mpiga mbizi. Basi mfereji ukachimbwa ili kupunguza kina cha maji, na njia iliyokuwa imezibwa ikapitika.

Mwaka wa 1931 alikabiliana na fumbo kubwa zaidi. Upande wa Uhispania, maji ya theluji ya mlima Aneto humezwa na shimo liitwalo Trou du Toro. Palikuwa na mpango wa kuyatumia maji hayo kuzalisha umeme. Casteret alimwaga humo kilo 60 za rangi. Maji yakaibuka ya kijani ng'ambo ya milima, katika bonde la Aran, yakielekea mto Garonne wa Ufaransa. Ushahidi huo ulisaidia kuuzima mpango wenyewe.

Maisha yake hayakukosa majonzi. Mkewe Elisabeth, aliyeandamana naye mapangoni, alifariki mwaka wa 1940. Mwaka wa 1952, mwenzake Marcel Loubens alianguka na kufa katika shimo la Pierre Saint-Martin. Casteret alikuwa miongoni mwa waliorudi huko mwaka wa 1954, mwili ulipotolewa. Yeye mwenyewe aliaga dunia mwaka wa 1987 akiwa na umri wa miaka 89.

Kwa wakazi wa Kisii na Nyamira, habari zake haziko mbali. Mto Kuja huanzia vilima vya Kiabonyoru na kumwaga maji yake Ziwa Victoria. Mwaka wa 2009 serikali iliagiza mikaratusi iliyopandwa karibu na vyanzo vya maji ing'olewe, agizo lililowagusa wakulima wengi wanaoitegemea miti hiyo kwa kipato. Casteret alishuhudia maji yakipunguzwa ili watu wapite, lakini pia alizuia maji yasiporwe wenyewe walio mbali. Kabla ya kuyakausha maji ya bondeni, ni busara kwanza kuuliza ni nani anayeyangojea huko chini.