Sakawa wa Wagusii na Waliomngoja Arudi

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, twapenda kuwasimulia ndugu zetu khabari za mtu mmoja wa bara aitwaye Sakawa. Huku kwetu pwani ni wachache wamjuao, walakini kwao Kisii na Nyamira jina lake halijasahauliwa. Na khabari zake zina mazingatio makubwa kwa mwenye kutaka kuzingatia.

Sakawa alikuwa Mgusii, akaishi katika karne ya kumi na tisa, kabla serikali ya Kiingereza haijaingia nchi ile. Hakuwa mfalme wala hakusoma kitabu. Alikuwa mtu wa kubashiri, na watu wakimwendea kwa mambo yao. Lililomtukuza kupita waaguzi wenziwe ni hili: husimuliwa kwamba siku moja aliwakusanya watu mahali paitwapo Getembe, napo zama hizo pakali pori tupu, akawaonyesha kwa mkono mahali patakapojengwa nyumba ya askari, na hospitali, na ofisi za wakubwa. Akawaeleza kuwa watakuja wageni weupe, na vijana watanyang'anywa mikuki yao. Kisha akafa mwanzoni mwa karne ya ishirini.

Haukupita muda mrefu wageni wakaja. Mwaka 1905 jeshi la Waingereza lilipiga nchi ya Wagusii, na baadaye boma likajengwa pale pale Getembe, ndipo mji wa Kisii wa leo. Mwaka 1908 kijana aitwaye Otenyo, aliyechochewa na Moraa, bibi aliyekuwa mganga na mbashiri, alimchoma mkuki mkuu wa wilaya, Northcote. Northcote akapona, ama Wagusii wakatiwa adabu isiyo na huruma: nyumba zikachomwa, mifugo ikachukuliwa, watu wengi wakauawa. Tangu hapo kodi ya nyumba na kazi za lazima zikawa juu ya shingo zao. Basi kila waliyoyaona wakayalinganisha na maneno ya Sakawa, naye akazidi utukufu kaburini kuliko alivyokuwa hai.

Mwaka 1913, huko Alego katika nchi ya Wajaluo, alitokea mtu jina lake Onyango Dunde. Alidai kuwa joka kubwa la ziwani lilimmeza, kisha likamtapika mzima, likampa ujumbe. Joka hilo akaliita Mumbo. Ujumbe wenyewe ulikuwa kwamba Wazungu wataondoka. Kwamba watu waache dini ya wamisionari na nguo zao, wasinyoe nywele, wachinje mifugo yao wale, kwani Mumbo atawatolea mingine tele kutoka ziwani. Maneno haya yaliingia Kisii kama moto katika nyasi kavu, na huko yakaungana na jina la Sakawa. Wafuasi wakasema kuwa Sakawa hakufa, naye yu njiani kurudi awatawale Wagusii. Wakatokea hata waliodai kuwa roho yake imewashukia.

Kisha mwezi wa Septemba 1914 Wadachi waliuvamia mji wa Kisii, Waingereza wakaukimbia. Watu wakaona kuwa ahadi imetimia, wakaingia kupora maduka na misheni. Lakini Waingereza walirudi baada ya siku chache, wakawaadhibu watu kwa kuchoma nyumba na kuchukua ng'ombe wengi. Vijana wakapelekwa kuwa wapagazi wa vita, ile Kariakoo iliyomeza maelfu ya watu wa Afrika ya Mashariki. Baada ya vita ikaja homa kubwa, ikaja na njaa. Mwenye kuchinja mifugo yake akingoja mingine ya ziwani alibaki na zizi tupu, na Sakawa hakurudi.

Serikali iliwakamata viongozi wa Mumbo, na mwaka 1921 baadhi yao wakahamishwa mpaka Lamu, mbali na vilima vyao na jamaa zao. Katika miaka ya 1930, wakati wa shida, mambo yale yakafufuka tena, wakakamatwa tena. Mwaka 1954 dini ya Mumbo ikapigwa marufuku kwa sheria. Ndio mwisho wake.

Ndugu zangu, tusiwacheke watu hawa. Walikuwa wamedhulumiwa, na aliyedhulumiwa hutafuta pa kushika hata kama ni uzi wa buibui. Wala hatuna haja ya kumtukana Sakawa. Huenda alikuwa mzee mwenye busara aliyesikia khabari za wageni zikija kutoka pwani, akapima. Dhambi kubwa ni ya wale waliolichukua jina la maiti asiyeweza kuwakanusha, wakaliuzia watu matumaini. Elimu ya ghaibu ni ya Mwenyezi Mungu peke yake, naye humfunulia katika Mitume amtakaye. Na mlango wa utume umefungwa kwa Mtume wetu Muhammad, rehema na amani zimfikie.

Na sisi tujitazame. Je, hapana miongoni mwetu waendao makaburini kumwomba maiti riziki na mtoto? Hapana waliouza pete ya mama ili kumlipa mpiga ramli? Ni ule ule mlango, ijapokuwa sisi twauingia na kanzu. Na nani atasema kuwa mambo haya ni ya zamani, na mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, hapa Kilifi kwetu, zilifukuliwa maiti zaidi ya 400 za watu walioacha kula wakitaraji kumwona Nabii Isa? Walikuwamo na watoto, wasiochagua lolote.

Dhuluma hupingwa kwa umoja, kwa kazi na kwa kusema haki. Na ujinga hauna dawa ila kusoma. Yeyote akuambiaye uteketeze ulicho nacho kwa ahadi aliyoiona peke yake, mtake dalili. Naye akikukataza kuuliza, basi amekwisha kukujibu. Mwenyezi Mungu atupe macho ya kuona, na atuhifadhie watoto wetu. Amin.