Sam Ntiro, Mchoraji wa Machame

Leo nawaletea maisha ya mchoraji ambaye wengi wetu hatumjui, ingawa picha yake ilifika New York.

Sam Joseph Ntiro alizaliwa mwaka wa 1923 huko Machame, kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Alisomea sanaa Makerere kwa mwalimu Margaret Trowell, kisha akafundisha hapo hapo. Mwaka wa 1952 alikwenda London kusoma Slade, chuo cha sanaa chenye sifa kubwa.

Mwaka wa 1956 alichora kwa rangi za mafuta wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi arusi, usiku. Picha yenyewe ni ndogo, upana wake kama sentimita 51 tu. Mwaka wa 1960 ilinunuliwa na Jumba la Sanaa ya Kisasa la New York.

Hebu tuitazame. Watu wa Ntiro wana maumbo sahili na wanafanana. Hakuna bwana mkubwa anayewafunika wenzake. Ni usiku, lakini si usiku wa kutisha. Kwa nini? Kwa sababu watu ni wengi, na safari yao ni moja. Yaani ule mfanano wao ndio unaotuliza moyo wa mtazamaji.

Wako wanaosema ati huo ni uchoraji wa kitoto. Mimi nakataa kabisa! Angalieni tarehe: alikuwa ameshapita Slade. Kuchora kizungu alifundishwa, akachagua kuchora kijiji chake kama alivyokikumbuka.

Tanganyika ilipopata uhuru mwaka wa 1961, aliteuliwa Balozi wake London hadi 1964. Baadaye alifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Alifariki mwaka wa 1993.

Sasa nawauliza nyinyi wenzangu mnaopenda kuchora. Hapa kwetu Shanzu tunachora minazi, bahari na jua likizama, maana ndivyo anavyonunua mtalii. Si vibaya, riziki ni riziki. Lakini watu wetu wako wapi? Nani atamchora mgema akiteremka mnazini na kibuyu chake, au akina mama wakisuka makuti uani? Machame ilimpata Ntiro. Shanzu bado inangoja wake, na huenda yumo darasani mwetu.