Bibi Titi: Mwimbaji wa ngoma aliyeiuza TANU mtaa kwa mtaa

Ukitoka Kinondoni au Temeke kwenda Posta, si rahisi kuikwepa Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Makonda wanaitaja kutwa nzima. Mwenye jina alifanya bure kazi ambayo leo kampuni za matangazo zinalipwa mamilioni.

Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926. Shule alisoma miaka michache tu. Jina alilipata kwenye ngoma, akiwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha Bomba. Mjini hapa alikuwa staa.

Mwaka 1955 mgeni kutoka chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch, aliwauliza viongozi wa TANU wanawake wao wako wapi. Hawakuwa na la kuonyesha. Kazi akapewa Bibi Titi, mwenye kadi namba 16.

Hapa ndipo utaona alivyolijua soko lake. Aliwafuata viongozi wa vikundi vya ngoma, akina mama ambao kila mmoja tayari alikuwa na watu wanaomsikiliza. Akawafuata na wauza pombe. Wengi hawakusoma magazeti, na redio ilikuwa mikononi mwa mkoloni. Habari ikapita kwa mdomo, uani na kwenye shughuli. Ndani ya miezi michache wanawake wapatao 5,000 walishachukua kadi.

Watumishi wa serikali walikatazwa siasa, hivyo wanaume wengi waliogopa kupoteza vibarua. Wake zao wakatangulia.

Baadaye alizunguka Tanganyika na Nyerere, akihutubia mikutano. Baada ya uhuru akawa mwenyekiti wa kwanza wa UWT na naibu waziri, ila mwaka 1965 akapoteza ubunge Rufiji.

Kisha likaja Azimio la Arusha, 1967: kiongozi marufuku kupangisha nyumba. Yeye alikuwa nazo. Kwa mwanamke wa mjini, nyumba ya kupangisha ndiyo pensheni, na kuiachia si mchezo. Akajiuzulu uongozi.

Mwaka 1969 alikamatwa, akashtakiwa kwa uhaini, na 1971 akahukumiwa kifungo cha maisha. Nyerere alimwachia huru 1972. Mama aliyejaza viwanja akarudi uraiani kimyakimya, na kwa miaka mingi jina lake halikutajwa sana.

Alifariki Johannesburg tarehe 5 Novemba 2000.